Pete Nyeusi ya Natacha

Asubuhi hiyo stendi ya Nyabugogo mjini Kigali ilijaa watu mpaka vivuli vyao vikapanga foleni. Natacha alikuwa anashuka kwenye pikipiki, gauni la kitenge cha njano limemkaa kiunoni, trei ya mayai thelathini mikononi. Cyprian alikuwa anainama kupokea helmeti ili apande pikipiki hiyohiyo. Vichwa viligongana. Mayai ishirini na tisa yalisalimika. La thelathini lilichagua shati jeupe la Cyprian.

"Pole, kaka," alisema Natacha. "Lakini hiyo yai ilikuwa mzuri sana."

"Naliona. Linaelekea mfukoni."

"Wewe iko Mtanzania. Unapasukiwa na yai, bado unaongea pole pole."

Kweli alikuwa Mtanzania wa Bukoba, fundi sonara, mwenye chumba cha kazi ghorofa ya pili pale Muhima. Anasafisha hereni, sinia na vikombe vya misa. Natacha alikuwa na duka la maziwa mtaa huohuo: maziwa ya mgando, chapati, mayai ya kuchemsha. Kesho yake Cyprian alikwenda "kudai shati". Alidai kwa miezi mitano, akinywa maziwa hadi ng'ombe mmoja wa Ndera akaomba likizo.

Mwezi wa sita akamvalisha pete.

"Ya bibi yangu. Fedha tupu. Miaka arobaini, haijapata hata doa. Ukiingia dukani uivue. Izungushie kitambaa hiki cha flana, itie kwenye kifuko na kipande cha chaki, chaki inakunywa unyevu. Usiifunge na mpira. Jioni ndiyo uivae."

Natacha aliitazama ile flana. Kitu kilimkuna moyoni.

"Sawa, sheri wangu."

Jirani yake Gahongayire, muuza vitenge, aliposikia aliacha kupima kitambaa.

"Anakuvisha pete, halafu anasema ufiche mchana? Mchana ndiyo watu iko na macho, dada. Iko mwanamke mwingine anapita hapa Muhima."

Tangu siku hiyo simu ya Cyprian haikupoa.

"Uko wapi?"

"Kazini, mpenzi."

"Na hiyo sauti?"

"Brashi."

"Brashi inacheka?"

"Ni mteja. Mtawa ameleta kikombe cha misa. Ana miaka themanini."

"Mpe simu."

Mtawa akapewa simu, akambariki Natacha dakika nne nzima. Natacha alikata simu akiwa amebarikiwa, lakini shaka iko palepale.

Wiki ya tatu pete ikawa nyeusi kama sufuria ya msiba. Gahongayire aliigusa kwa ukucha akasema neno moja: "Bati."

Ilikuwa Jumatano. Jumapili wajomba wa Cyprian walikuwa waje kutoka Bukoba, kwenda kwa baba yake Natacha kuomba mchumba. Natacha alipanda ngazi za yule fundi, viatu vikigonga kama polisi, akaitupa pete mezani.

"Bibi yako alikuwa anavaa bati?"

Cyprian aliichukua, akaigeuza.

"Uliiweka kwenye flana?"

"Kila siku. Asubuhi mpaka jioni."

"Na chaki?"

"Na chaki."

"Fedha iliyotunzwa hivyo haiwezi kuwa hivi kwa wiki tatu." Akaisogeza kwenye mwanga. "Natacha, hii ndiyo pete niliyokupa?"

"Unaniita mwizi?"

"Sijasema."

"Macho yako inasema. Basi wajomba wakae Bukoba. Kwa baba hawatapata hata maji."

Alikuwa ameshafika mlangoni Cyprian alipomwita.

"Ngoja. Naisafisha mbele yako. Pete ya bibi ina mkwaruzo ndani, kama punje ya mchele. Ukitokea, ni yangu. Usipotokea, wajomba nawapigia mimi mwenyewe."

Natacha alirudi, akakaa na mkoba wake mapajani kama mtu asubiriye basi.

Cyprian alitandika karatasi ya aluminiamu kwenye bakuli, upande wa kung'aa juu. Akatia chumvi na magadi laini, akamimina maji yaliyotoka kuchemka, akailaza pete juu ya ile karatasi. Vipovu vikaanza kupanda. Halafu ikapanda harufu ya yai bovu. Ilijaza chumba, ikashuka ngazi, na kule chini mtu akauliza ni nani ameoza.

Cyprian aliinua kichwa. Natacha alitazama dirishani.

"Natacha."

"Nini."

"Kwa siku unamenya mayai mangapi?"

"Mia. Jumamosi mia mbili."

"Na pete kidoleni."

Natacha alifungua mkoba, akaiweka ile flana mezani, safi kama alivyopewa.

"Sijaivua hata siku moja," alisema mwishowe. "Uliniambia niifiche. Nikasema nitavaa mpaka kitandani, huyo mwingine apite aione mpaka achoke."

"Hakuna mwingine. Nilitaka uivue kwa sababu ya mayai. Yai linaiunguza fedha."

"Kwa nini hukusema yai?"

"Niliona haya. Duka lako linasimama kwa mayai. Ningesema yananiharibia pete, ungedhani naidharau kazi yako."

"Ukaona heri nidhani uko na mwanamke."

Cyprian aliitoa pete kwa kijiti, akaisuuza, akaifuta na ile flana. Ikang'aa hadi jogoo mmoja huko bondeni akawika saa saba mchana. Ndani, mkwaruzo ulikuwepo.

"Bibi aliitunza vizuri," alisema Natacha taratibu.

"Hakuivaa. Babu alimpa, akaenda kutafuta kazi, hakurudi. Bibi akaifunga kwenye flana hiyo, akamngoja miaka arobaini."

Natacha aliiangalia ile flana kwa muda. Kisha akaikunja, akaitia kwenye droo ya Cyprian, akaisukuma droo kwa goti na kunyoosha kidole.

"Nivalishe. Lakini mimi sivui."

"Itakuwa nyeusi kila wiki."

"Si niko na fundi?"

Wajomba walikuja Jumapili, wakanywa maji na zaidi ya maji. Siku hizi, kila Jumapili saa nne asubuhi, majirani wa Niboye, wawili hao walikohamia baada ya harusi, hufunga madirisha ile harufu ikipanda, wakinong'onezana kwamba yule mke wa sonara hajui kuchemsha mayai. Natacha huwasikia. Hunyoosha kidole juani pete ikauke, akawaacha waseme.