Picha Safi Niliyompeperushia Shemeji

“Picha hii ilipigwa kutafuta nini?”

Mpiga picha wa hospitali aliniuliza hivyo, ameinua mbele ya taa filamu ya kichwa cha mdogo wangu Rukia. Nahojiwa mimi, mwenye miaka ishirini na saba na shahada ya chuo kikuu, mimi niliyezoea kumhoji kila mtu!

Msinipe pole. Someni tu.

Rukia alijifungua salama binti, akarudi kwa mumewe Mji wa Kale kukaa arubaini ya uzazi. Siku ya tisa kichwa kikaanza kumuuma. Akilala, kinazidi. Mumewe, Athmani, akampeleka kupigwa picha. Majibu yakasema hakuna damu iliyovuja. Niliyasoma mara mbili, nikaridhika.

Athmani sikumpenda tangu siku ya posa. Karani wa bandarini, humwamini kila mwenye koti jeupe. Siku ya kumi na nne Rukia akaanza kuona watu wawili wawili. Athmani akaja na karatasi: daktari ataka picha nyingine, ya mishipa inayoteremsha damu kutoka ubongoni, na dawa idungwe mkononi ili mishipa hiyo ionekane.

Nilimcheka mbele ya mamake. Nikasema madaktari na wenye mashine hulishana.

“Shemeji, picha moja haikutosha? Mwataka albamu?”

“Wewe wabisha hata jua likitoka,” akanijibu, karatasi ingali mkononi.

Nikampeperushia usoni ile filamu ya picha ya kwanza. Kichwa ni safi, nikasema, anachokosa ni usingizi. Nilipoona bado hajakubali, nikasema tena kwamba mzazi aliyejifungua hatolewi nje kabla ya arubaini. Mimi! Mila niliyoidhihaki tangu nikiwa msichana, siku hiyo niliifanya kufuli. Mama mkwe wa Rukia akaniunga mkono. Nikarudi kwangu Tononoka nimeshinda.

Ushindi gani ule?

Siku tatu baadaye Rukia alianguka akitetemeka mwili mzima, mtoto analia kando yake. Hospitalini wakampiga picha ya mishipa. Dawa ilipita kote, isipokuwa kwenye mshipa mkubwa wa utosini. Damu ilikuwa imeganda humo. Bado nilibisha! Nikamkabidhi mpiga picha filamu yangu safi, naye akaniuliza lile swali. Akajijibu mwenyewe: ilitafuta damu iliyovuja, na haikuvuja. Mshipa ulioziba haikuutafuta.

Dawa za kuzuia damu kuganda zilimwokoa Rukia. Macho hayakuokoka. Shinikizo la kichwani lilikuwa limekwisha kuua mishipa yake ya fahamu ya kuonea. Sasa humjua mwanawe kwa kumpapasa pua na masikio... Athmani haitikii salamu yangu. Sitaki aitikie.

Dada zangu, mkiambiwa picha ni safi, ulizeni: safi ya nini? Mzazi akiumwa kichwa kisichotulia, akatapika, akaona viwili viwili, mpelekeni, na mwenye elimu kama yangu mfungieni nje. Anayehoji kweli husubiri jibu. Mimi nilikuwa nabisha tu.

Mwaka ulipita ndipo mama mkwe akanitolea la moyoni, nilipopeleka nguo za mtoto. Siku ile ya ubishi wa filamu, nilipoondoka tu, Athmani alileta gari mlangoni. Rukia akainuka, akavaa buibui. Kisha akalivua, akaketi tena kitandani.

“Dada ameshaisoma picha,” alimwambia mumewe. “Dada hakosei.”