Kiti cha Stumai

Programu ilikuwa moja kwa ofisi nzima. Haikukaa Tanga, wala haikukaa duniani. Ililazwa kwenye mtambo-mama kule Mwezini, ndani ya shimo lisilopata kuonja jua, maana akili kubwa namna ile hutoa joto la kuchemsha bwawa na huhitaji baridi kali. Mfanyakazi wa Ofisi ya Vibali vya Maji alivaa utepe kwenye paji la uso, akafumba macho, akawa ameingia. Akiuliza jambo, jibu lilishuka hajamaliza kuvuta pumzi. Kibali ambacho babu zetu walikizungukia miezi kilitoka mtu angali anasalimia.

Asubuhi hiyo kila kitu kiliganda.

Akaitwa Ndimbo, fundi wa mitambo. Alikuta watu wamekaa na tepe zao kama wagonjwa wa kichwa, wanamkodolea macho utadhani yeye ndiye aliyeuzima Mwezi.

"Fundi, mji mzima unasubiri maji," alifoka Bwana Kihwelo, mkuu wa ofisi. "Tengeneza, hadithi baadaye!"

"Vueni wote. Mtaingia mmoja mmoja nikiwaita."

Njia ya kizamani hiyo, lakini haikosi. Aliita wa kwanza, akaingia, programu ikatulia. Akaita wa pili, shwari. Wakaingia wote, shwari tupu, mpaka ilipofika zamu ya Stumai Kibwana, mjane aliyerudi kazini siku hiyo hiyo. Alipovaa tu utepe, pap! Ofisi nzima ikaganda tena.

Ndimbo alisoma kioo chake, akaguna. "Dada Stumai, kiti chako kina mtu."

Kiti ni nafasi ya mtumiaji ndani ya programu. Hakifunguliwi kwa neno la siri, kwa sababu maneno ya siri huibwa. Kiti humsoma mwenyewe: anavyofikiri, anavyosita, moyo wake unavyodunda akiudhika. Kikikukubali, mlango wa nyumba yako unakukubali, duka linakukubali, hospitali inakukubali. Kisipokukubali, shauri yako. Wataalamu waliokibuni walivishwa nishani, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza itakuwaje mtu akifiwa.

Stumai alifiwa na mumewe. Ofisi ilimpa wiki moja ya msiba, kwa kuwa eda haimo katika kanuni za Mwezini. Wenzake wakafanya wafanyavyo waungwana. "Kaa eda yako, shoga, kiti tutakushikia." Aliyekishika ni Mwantumu, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Stumai alikifungua mwenyewe, akamvisha utepe ungali na joto la kichwa chake. Kiti kilihisi mabadiliko, kikadhani ni majonzi, kikaanza kujifunza upya. Miezi minne na siku kumi Mwantumu alikuwa Stumai asubuhi, Mwantumu mchana, na ofisi nzima ikamsifu.

"Vua basi, shoga," Stumai alisema kwa upole. "Nimesharudi. Mungu akulipe."

Mwantumu hakuvua.

"Changu kimekatwa," alisema, macho chini. "Kilikuwa kitupu kila asubuhi, mtambo ukaniandika mvivu. Mama yangu yuko kwenye mashine ya figo, Stumai. Nikikosa kiti, wanaizima."

"Na mimi niende wapi? Nilale nje?"

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mwantumu alitenda wema, akakaa.

"Mtambo utawauliza nyote wawili swali," Ndimbo alieleza. "Anayejibu kama Stumai ambaye mtambo unamjua, anabaki. Mwingine anafutwa, anahesabiwa nakala iliyozidi."

"Sasa unangoja nini?" alisema Kihwelo.

Swali likashuka: mwombaji analia mbele yako, na hati zake hazijatimia, utafanya nini?

Kabla ya msiba Stumai angejua la kusema. "Nitampa maji," alisema. "Hati atazileta akipata nguvu."

"Nitampa pole," alisema Mwantumu, "na kumwambia arudi zikitimia."

Ndivyo Stumai alivyojibu kila asubuhi tangu afiwe, kwa kadiri Mwezi ulivyojua. Kioo cha Ndimbo kikaandika: Nakala iliyozidi imepatikana. Thibitisha.

Ndimbo alijua yupi ni yupi. Nani hakujua? Aliwatazama wale wale waliosema tutakushikia, akingoja hata mmoja akohoe.

"Bonyeza bwana, kazi zimelala!" mtu akasema kutoka nyuma.

Akabonyeza.

Programu ikaamka. Macho yakafumbwa, vibali vikaanza kutoka. Stumai akachukua mkoba wake, akaenda mlangoni, akasimama. Mlango haukumwona. Akagonga kioo cha mlango kwa kiganja.

"Nifungulieni basi, jamani."

Hakuna aliyefumbua macho isipokuwa Mwantumu. Alikuja taratibu, akasimama kando yake bila kumtazama. Mlango ukafunguka.

"Kwa heri, Stumai," mlango ukamwambia Mwantumu, kwa sauti ya huruma. "Pole sana kwa kufiwa na mumeo."

Stumai akafungua mdomo ajibu. Mwantumu akamwahi.

"Nimeshapoa," alisema.