Disketi za Galaksi

Kabati la maabara ya shule halikuvunjwa, lakini disketi nne za mwanafunzi Tekla, zilizokuwamo hadi jana jioni, hazikuwamo. Jioni hiyo alipaswa kupanda basi la Dar pale Nangurukuru. Bila vipimo vya galaksi vilivyohifadhiwa humo, nafasi ya kusoma ng'ambo ingempita.

Inspekta Mwahija wa Kilwa Masoko alijua kikulacho ki nguoni mwako. Aliuliza nani mwingine ana ufunguo. Tekla alijibu kuwa ni Damiani, mwalimu wa fizikia. Ila mwalimu huyo alikuwa amekwenda msibani Mtama tangu juzi, naye ndiyo kwanza amerudi.

Njiani kwenda nyumbani kwa Damiani, Tekla alimweleza inspekta kazi yake. Galaksi nyingine zimefunikwa na vumbi. Nyota zake hazionekani, lakini hulipasha vumbi joto, na setilaiti hulipima joto hilo. Galaksi ya mbali yenye vumbi la moto huweza kuonekana sawa na ya karibu yenye vumbi la vuguvugu. Ukikosea joto, umekosea na umbali.

Damiani, kapera wa makamo aliyeishi peke yake, alisema amechoka na safari, hata chai hajachemsha. Mwahija akaomba kuona jiko. Bila haya akatia kidole kwenye jivu lililorundikwa mafigani, akakitoa upesi.

"Nani aliwasha moto huu, mwalimu?"

"Ni wa juzi."

"Kaa la juzi lingekuwa limekufa. Uliufukia jana usiku."

Huku moto wa jikoni haumwagiwi maji. Hufukiwa jivu ili uamke nao asubuhi. Damiani aliufukia kwa mazoea ya malezi, ndiyo yaliyomponza. Akakaa kwenye kigoda.

"Niliuwasha nizichome disketi," alisema.

"Kwa nini?"

"Katika makala yangu nilichukulia vumbi la galaksi zote lina joto moja. Umbali wote niliouandika ni wa makosa. Binti huyu angekwenda kuyasema hadharani."

"Mbona hukuzichoma?"

"Nilirudia hesabu zake kwanza. Ziko sawa, Inspekta. Mkono ukakataa."

Alizitoa kwenye debe la unga. Tekla alizipokea kwa hasira, akazihesabu.

Kituo cha polisi kilikuwa na gari moja tu, kwa hiyo mtuhumiwa na mlalamikaji walikwenda pamoja hadi Nangurukuru, benchi moja. Basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Tekla alishuka, akageuka.

"Nitawaambia kule ng'ambo makosa yako, mwalimu. Na nitawaambia ni wewe uliyenifundisha kupima."

Damiani akainamisha kichwa, akalia mbele ya abiria wote.