Baba Alijibu Badala Yake

Kila asubuhi fundi wa suti alifagia chumba cha mbele cha nyumba yake. Chumba hicho ndicho kilichokuwa karakana. Alitia mafuta kwenye cherehani, akachomeka pasi, akafungua mlango. Wateja walimpenda, ila walimtania.

"Fundi, suti yangu lini?"

"Kesho."

"Kesho ya kalenda au kesho ya mafundi?"

Karibu na dirisha alikaa binti yake wa kwanza. Nyumbani walimwita Rula, kwa sababu tangu utotoni rula haikumtoka mkononi. Rula alikuwa kiziwi. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na alikuwa amemaliza sekondari miaka minne nyuma. Kazi yake ilikuwa kuchora vipande vya suruali kwenye karatasi na kuvikata. Mistari yake haikupinda hata kidogo.

Fundi akimtaka, aligonga meza mara mbili. Rula alihisi mtikisiko viganjani, akainua uso. Kisha baba alimwonyesha kwa mkono: pima, kata, njoo ule, mteja amekuja. Baba na binti walikuwa na ishara kama ishirini hivi. Fundi aliona zinatosha.

Siku moja aliingia jirani mpya, mwanamke aliyehamia nyumba ya pili wiki iliyotangulia. Alileta sketi ipunguzwe urefu. Alikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo cha ufundi. Fundi alipokuwa akimpima, macho ya jirani yalitua kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Fundi, ule ni mchoro wa nini?"

"Aa, ile ni michezo ya binti yangu. Kachora nyumba yetu."

Jirani akaisogelea. Aliona milango, madirisha, unene wa kuta. Kila kitu kilikuwa na kipimo chake.

"Hii si michezo," alisema. "Hii ni ramani."

Akamgeukia Rula, akaanza kuzungumza naye kwa mikono. Kumbe aliijua lugha ya ishara. Rula aliweka mkasi chini. Kwanza alijibu polepole, kama mtu anayefungua kabati la siku nyingi. Kisha mikono yake ikashika kasi. Alicheka, alikataa, aliuliza, alishangaa. Fundi alisimama na tepu shingoni. Hakuwahi kumwona mwanawe akisema maneno mengi namna ile.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Anasema mwaka wake wa mwisho, mwalimu alimweleza habari za kozi ya kuchora ramani za majengo. Anauliza kama bado ipo chuoni kwetu." Jirani akamgeukia fundi. "Na anauliza kwa nini hukumpeleka."

Fundi akavuta stuli, akakaa.

"Jirani, mwalimu alituita, mimi na yeye. Akamuuliza Rula, 'Ukimaliza shule unataka kufanya nini?' Mimi nikajibu. Nikasema huyu atakaa nyumbani na sisi, kazi ipo."

"Yeye alisema nini?"

"Sikumwangalia."

"Na mwalimu?"

"Alinipa fomu, nikaijaze pamoja naye."

Fundi alifungua droo, akatoa daftari la zamani la vipimo. Fomu ilikuwa humo, imekunjwa mara mbili. Upande wa mbele ulikuwa mtupu. Upande wa nyuma alikuwa ameandika vipimo vya mteja kwa mkono wake mwenyewe: kiuno thelathini na sita, urefu arobaini na moja.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. "Nilikuuliza fomu iko wapi," alisema. "Ukaniambia kesho."

Hakuna aliyecheka.

"Nilimwogopea," fundi alisema. "Barabara ina magari. Watu wangemcheka. Huko nani angemwelewa?"

"Na hapa nani anamwelewa?" jirani aliuliza kwa upole.

Swali hilo lilimchoma fundi kuliko sindano.

Jirani alikaa, akawaeleza. "Kijana mwenye ulemavu hasubiriwi mpaka amalize shule ndipo tuanze kufikiri. Tunaanza miaka miwili kabla, au zaidi. Swali la kwanza ni lake yeye: unataka nini? Shule inaandika ni msaada gani uliomfaa darasani. Anakitembelea chuo angali mwanafunzi. Likizo anajaribu kazi, aone kama anaipenda au haipendi. Siku anapoondoka shuleni, njia anaijua."

"Kwa hiyo tumechelewa?"

"Mmechelewa, sitakudanganya. Lakini mlango haujafungwa."

Rula akamgusa jirani begani, akamwambia jambo. Jirani alilifikisha polepole. Rafiki wa Rula, kiziwi kama yeye, aliyekaa naye dawati moja, aliingia chuoni mwaka uleule waliomaliza shule. Sasa anafanya kazi. Alikuwa akimtumia Rula ujumbe kwenye simu kila wiki, mpaka Rula akaacha kujibu.

"Kwa nini aliacha?" fundi aliuliza.

"Anasema hakuwa na la kumwambia."

Kesho yake fundi hakufungua karakana. Alikwenda na Rula shuleni. Yule mwalimu alikuwa amehamishwa. Faili la Rula halikuonekana siku hiyo, wala safari ya pili. Safari ya tatu ndipo walipopata ripoti. Iliandikwa humo kwamba Rula alikaa mbele, alikuwa na mkalimani wa lugha ya ishara, alinakili maelezo ya mwenzake, na kwenye mtihani aliongezewa muda.

"Mngekuja akiwa bado hapa, tungempa ripoti hii kwa siku moja tu," karani wa shule alisema.

Fundi aliipokea ripoti kwa mikono miwili.

Chuoni, Rula akiwa na mkalimani wa chuo kando yake, ofisa wa udahili alimtazama fundi. "Mzee, binti yako anataka kusoma nini?"

Fundi alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Akaufunga.

"Kuuliza si ujinga," alisema. "Muulize mwenyewe. Mkalimani huyu hapa."

Rula alimtazama baba yake. Kisha akajibu, na mkalimani akasema kwa sauti. Anataka kuchora ramani. Ataomba mkalimani darasani. Ataomba nakala ya maelezo ya mwenzake, kwa sababu hawezi kumtazama mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja. Na walimu wasiseme huku wameelekea ubaoni, maana midomo pia huisoma. Ofisa aliandika yote, akamsomea, wakatia sahihi, na Rula akapewa nakala yake.

Haikuwa rahisi. Hesabu zilikuwa zimemtoka kichwani, ikabidi asome miezi sita ya maandalizi kwanza. Wanafunzi wenzake walikuwa wadogo, wakamtania kwa kumwita shangazi. Siku nyingine alirudi nyumbani macho yamevimba. Fundi alijua machozi yale nani aliyeyaleta.

Kila Jumamosi fundi na mkewe walikwenda chuoni kujifunza ishara. Vidole vya fundi vilivyotunga uzi bila miwani vilikuwa vigumu kama kuni. Siku moja alitaka kumwambia Rula, "Nisamehe." Rula akaangua kicheko, akamwandikia kwenye karatasi: *Umesema nikaange.*

Fundi akajaribu tena, na safari hii akapatia. Rula akaacha kucheka. Alijibu polepole ili baba aelewe.

"Siku ile kwa mwalimu nilikuwa nimekaa pale. Niliona mdomo wako ukijibu."

Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Alishika vidole vya baba yake, akavinyoosha vizuri, akamwonyesha ishara ile inavyotakiwa kukaa.

Kabla ya kumaliza kozi, chuo kilimpeleka Rula kufanya mazoezi ya kazi katika ofisi ya wajenzi. Walimpenda, wakamwajiri. Waliweka taa ukutani iwake mtu akibisha hodi, na msimamizi alizoea kumwandikia maagizo. Rula alikuwa na miaka ishirini na sita. Barua ya kazi ilipofika, ujumbe wa kwanza alimtumia yule rafiki wa dawati moja.

Siku yake ya kwanza kazini, alirudi jioni, akakaa mbele ya baba yake na kumsimulia. Alisimulia ngazi za ofisi, meza yake, na ukuta uliochorwa mahali pasipo pake, akauona yeye kabla ya wote. Mikono ilikwenda mbio. Fundi hakupepesa macho. Alielewa nusu. Ile nusu nyingine angeielewa kama angeanza kujifunza ishara Rula akiwa mtoto mdogo.

"Rudia," alimwomba kwa mkono.

Rula alikuwa amechoka. Hata hivyo, alirudia.