Kiti cha Kutazama Nyuma

Kisa hiki sikukiokota njiani. Kilimpata jirani yangu Gunvor Tallgren, yu hai hadi leo, na ukipita kwake atakupa kahawa kwanza ndipo akusimulie.

Ilikuwa Alhamisi ya Agosti, jua zuri, Siku ya Brigedi. Brigedi ya Vifaru ya Rönnmo ilishavunjwa zamani na kambi imegeuzwa maghala, lakini wazee wake bado hukutana kila mwaka. Hunywa supu ya njegere za manjano, huimba wimbo wao, kisha hukizungusha uwanjani kifaru kimoja walichobakiza. Kifaru chenyewe cha ajabu: dereva hutazama mbele, na mtu wa redio hukaa amempa mgongo, akitazama nyuma. Na mila yao ilikuwa haivunjwi. Kifaru hakirudi nyuma hata kidogo mpaka mtu wa nyuma aseme, "Nyuma kweupe," yaani njia ni wazi, hakuna mtu.

Stellan, kaka yake Gunvor, ndiye aliyekuwa mtu wa nyuma. Alifia kaskazini, kwenye mazoezi ya majira ya baridi, akiwa bado kijana. Wakubwa walisema alilewa, akatoka nje, akalala kwenye theluji. Mama yao aliingia kaburini na aibu hiyo. Gunvor hakuamini hata siku moja. Stellan hakuwa mnywaji, tena jeneza lilikuja limepigwa misumari. Mtu aliyeuawa na baridi, uso wake unafichiwa nini?

Tangu hapo hakuna aliyekalia kile kiti. "Ni heshima," wazee walisema. Heshima! Mimi heshima za namna hiyo nazijua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka huo kifaru kilikuwa kinapelekwa kukatwakatwa kiwe vyuma chakavu. Gunvor akaweka kijiko mezani, akasema mbele ya wote, "Leo nakaa mimi alipokaa Stellan."

Kapteni Ekbom, aliyekuwa kamanda wa kifaru kile, akapaliwa na supu. "Bibi Gunvor, mle ndani si mahali pa mwanamke wa umri wako."

"Na wewe umri wako unakufaa nini? Hata ngazi huipandi!"

Wazee wakacheka. Kapteni hakucheka. Bertil Lood, dereva, akainuka taratibu.

"Mwache akae, afande. Ni haki yake."

Gunvor aliona jinsi wawili hao walivyotazamana. Akaliweka moyoni.

Ndani mlinuka mafuta na chuma cha zamani. Gunvor akavaa vifaa vya masikioni, akaegemeza jicho kwenye darubini ya kutazamia nyuma. Kiti cha kamanda kilikuwa kitupu, maana Kapteni alibaki chini apigiwe saluti. Bertil akawasha injini, kifaru kikanguruma, kikampita. Sasa Kapteni alikuwa nyuma yao, kasimama kwenye kokoto, mkono kwenye paji la uso.

Gunvor akapepesa jicho. Kapteni hakuwa peke yake.

Nyuma ya bega lake palisimama mtu aliyevaa nguo nyeupe, zile za askari wa theluji. Agosti. Juani. Kapteni hakuonekana kumwona.

Kifaru kikasimama. Masikioni mwa Gunvor sauti ikasema, chini kwa chini:

"Nyuma kweupe."

Kifaru kikaanza kurudi nyuma.

Kapteni akageuka akimbie. Hakukimbia. Miguu inapiga, mwili hauendi. Akaanguka. Darubini haikumwona tena.

"Simama! Bertil, simama! Kuna mtu!"

Kifaru kikasita. Injini ikazimwa.

"Si umesema kweupe?" Bertil akanong'ona nyuma ya mgongo wake.

"Sijafungua mdomo."

"Nimesikia, dada. Mguu ukaenda wenyewe, umezoea kutii." Akageuka kwenye kiti chake. "Ilikuwa sauti ya mwanamume."

"Ya nani?"

Bertil akaanza kulia. "Siku ile ya kifo, aliyesema hakuwa mtu wa nyuma. Stellan alikuwa nje, anapasua barafu kwenye minyororo ya magurudumu ya kifaru. Afande alitaka tufike wa kwanza. Akasema yeye, kutoka kiti chake: nyuma kweupe. Nikarudi. Tukaapa kusema kaka yako alilewa."

Gunvor akavua vifaa vya masikioni. Hasira ilimpanda hata meno yakagongana. Akasukuma mfuniko, akashuka.

Kapteni alikuwa amelala kifudifudi, mnyororo umegusa kisigino cha kiatu chake. Mzima. Wazee walikuwa wanakuja mbio.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa, kwa sauti ya kusikika na wote. "Stellan hakulewa. Niliwaambia warudi, naye yuko nyuma. Ni mimi nilimuua. Sasa mwambieni aniachie."

"Nani akuachie?" Gunvor akauliza.

Kapteni akageuza shingo. Alikuwa akijaribu kutazama juu ya bega lake, na alikuwa akiogopa kutazama.

Gunvor akainama. Ukosi wa koti ulikuwa umekunjamana, umekamatwa kwa nguvu, na hapakuwa na mkono. Kulikuwa na theluji tu, yenye umbo la vidole vitano. Akaigusa. Ikamuunguza kwa baridi.

Wauguzi walipokuja na gari lao waliipangusa kwa taulo, wakaipangusa tena. Walipofunga milango, theluji ilikuwa palepale, haijayeyuka, na ukosi haukuwa umelegea.