Barua Niliyoipiga Chapa Ilikausha Kisima cha Baba

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kupiga chapa katika ofisi moja mjini Isiolo. Wanaonijua huniona mtu mpole, mtu wa swala na nyumba yake. Hawajui nilichokibeba kifuani kwa miaka kumi na moja sasa... Anayetaka kunilaani anilaani, lakini kwanza anisome mpaka mwisho.

Nilizaliwa upande wa Garbatulla. Baba yangu alikuwa aba herega, yaani mzee anayepanga zamu za kunywesha mifugo visimani. Kwetu Waborana hilo si jambo dogo. Ng'ombe wa nani waje leo, ngamia wa nani kesho, mgeni apewe siku gani, yote yalikuwa kichwani mwa baba, na neno lake halikupingwa. Visima vyetu vilikuwa kando ya laga, mto wa mchanga unaopitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Nilikuwa binti yake wa pekee na aliniacha nisome, ingawa wazee wenzake walimcheka kwa hilo.

Miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea kwisha niliajiriwa ofisi ya maji. Hapo ndipo nilipokutana na Halkano, nyapara wa kontrakta aliyekuwa akijenga daraja kwenye laga yetu, juu kidogo ya visima. Alikuwa Mborana mwenzangu kutoka Merti, mrefu, nadhifu, mwenye maneno matamu. Alifuata mila yote. Aliwatuma wazee kwa baba na kahawa na tumbaku, wakapokewa vizuri, na harusi ikapangwa baada ya Ramadhani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa!

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia.

Walipochimba mashimo ya nguzo za daraja, maji yakajaa. Zege haliwezi kumwagwa ndani ya maji, kwa hiyo ilibidi yavutwe kwa pampu. Kwa kanuni tulizozifuata ofisini, mtu akitaka kuvuta maji ya ardhini aliomba leseni, na kabla hajapewa wenyeji waliulizwa. Lakini kulikuwa na msamaha mmoja. Maji yanayoondolewa ili msingi ukauke tu, kisha yakamwagwa, hayakuhitaji leseni. Ilitosha afisa aende akaone mahali, kisha barua iandikwe.

"Ni siku saba tu," Halkano aliniambia. "Huyo mkubwa wako asisumbuke kuja mpaka huko, barabara ni mbaya."

Nikaipiga chapa ile barua ya msamaha. Nikaandika kwamba mahali pamekaguliwa. Hapakuwa pamekaguliwa na mtu yeyote! Mkubwa wangu alikuwa akitia sahihi rundo la barua kila Ijumaa bila kusoma kwa sababu aliniamini. Niliichomeka katikati ya rundo, nikasimama pembeni huku natabasamu.

Kikabaki kizuizi kimoja, na kizuizi hicho kilikuwa baba. Aliposikia mashine imefika alisema hana ubaya nayo, itapewa zamu kama mgeni yeyote. Siku moja ivute, kisha ipumzike mpaka zamu yake irudi. Halkano akanijia na uso umemshuka. Pampu ikisimama, shimo linajaa tena. Akaniomba nikaongee na baba, maana mimi angenisikia.

Nikaenda. Nilimkuta nje ya nyumba anachonga fimbo, nikamweleza kwa Kiborana kwamba mashine haihitaji zamu.

"Hayo maji anayanywa nani?" akaniuliza.

"Hakuna, Aba. Yanamwagwa tu."

Akaendelea kuchonga fimbo. Hesabu yake yote ilikuwa ya vinywa, ya mifugo na ya watu. Maji yasiyo na kinywa hakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Kama hayanywewi na mtu wala mnyama, hayo si yangu kupanga," akasema. "Wewe umesoma. Ukisema hivyo, basi."

Ukisema hivyo, basi... Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni nayasikia maneno hayo.

Zile siku saba zikawa mwezi, mwezi ukapita, na pampu haikunyamaza. Baadaye sana nilikuja kujua ukweli. Maji hayakuwa yakimwagwa. Halkano alikuwa akijaza mabauza, malori ya matangi ya maji, ya kushindilia barabara mpya pande zote mbili za daraja, na mengine akioshea kokoto. Kwa kazi hiyo leseni ilihitajika, na wazee wa visima wangeulizwa. Yeye alijua toka siku ya kwanza, lakini kazi yake ilikuwa imechelewa na leseni ingechukua miezi. Ndiyo maana alinihitaji. Je, alinipenda hata kidogo? Nimechoka kujiuliza.

Baba alinitumia ujumbe mara mbili, kwa madereva wa malori ya mifugo. Maji yanashuka, uliza ofisini. Na ofisini ni nani, kama si mimi? Kutoka mezani kwangu hadi mlango wa mkubwa wangu zilikuwa hatua sita. Sikuzipiga. Niliogopa angeitafuta barua akauona uongo wangu, niliogopa harusi ingevunjika. Nilimwuliza Halkano, akasema bado siku mbili. Nikachagua kumwamini.

Kwetu kisima kikishuka, wanaume hushuka kukichimba zaidi. Wakachimba. Maji yakashuka tena, wakachimba tena, safari hii chini kuliko wakati wowote. Kaka yangu Jarso ndiye aliyekuwa wa mwisho, chini kabisa, akiwapokeza wenzake wa juu yake ndoo za mchanga. Ukuta ukaporomoka. Wenzake watatu walitolewa wazima. Jarso alitolewa alasiri, na mchanga mdomoni.

Alikuwa na mke, na mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Ee Mungu wangu! Nilimlilia kaka yangu mbele ya watu kama dada yeyote anavyolia, na watu wakanifariji. Mimi! Wakanipa maji ninywe, wakanishika mikono.

Baada ya mazishi D.O., mkuu wa serikali katika tarafa yetu, aliitisha baraza pale pale lagani. Mkubwa wangu aliniuliza kama ninaweza kwenda kuandika yatakayosemwa, kwa kuwa ni kwetu na nina msiba. Nilisema naweza. Niliogopa akienda karani mwingine angebeba faili lote.

"Nani alikubali hii mashine ivute kila siku bila zamu?" D.O. akauliza.

Baba akasimama polepole. Akaniangalia nilipoketi na daftari magotini, akaniangalia kwa muda, kisha akamgeukia D.O.

"Ni mimi," akasema kwa Kiswahili chake cha shida. "Hapana mtu aliniambia kitu. Mimi mwenyewe nilisema mashine ipige tu."

Nikaandika. Neno kwa neno nikaandika, na kesho yake mjini nikayapiga chapa, nakala tatu.

Wazee walimvua kazi ya zamu siku hiyo hiyo. Mama, aliyekuwa ameketi na wanawake, alijifunika uso kwa shuka yake. Tangu hapo hakumsemesha baba tena. Alimpikia, alimfulia, lakini neno hakumpa. Kwake yeye, baba ndiye aliyemuua Jarso kwa uzembe.

Na Halkano? Mazishini hakuja. Nilimfuata kambini kwake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba barua ile imetoka kwenye mashine yangu ya chapa, si yake. Daraja lilipoisha akahamia kazi nyingine kaskazini. Wazee wake wakaleta habari kwamba hawawezi kuoa kwa mtu aliyezika mwanawe kwa kosa lake mwenyewe.

Ukame ulipotupiga miaka ya themanini, baba alikuja mjini kwangu akiwa mgonjwa. Nilikuwa nimeolewa na mtu mwema, ambaye naye atayajua haya hapa kwa mara ya kwanza. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema nitakwenda kuwaambia wazee ukweli wa barua ile, na mama pia. Baba akakataa.

"Jarso ameenda," akasema. "Wewe nilikununua kwa jina langu. Usinirudishie jina hilo nikiwa hai."

Alifia nyumbani kwangu. Mama alikuja, akaketi mlangoni, hakulia.

Enyi makarani wenzangu, na hasa ninyi mabinti, nawasihi. Ukiombwa na umpendaye uandike kwamba umeona jambo usiloliona, weka kalamu chini, hata kama harusi ni kesho. Na karatasi inayosema hakuna haja ya kuwauliza wenyeji, hiyo ndiyo ya kuogopa. Nenda ukawaulize.

Baba hayuko hai tena, kwa hiyo nasema. Mama bado yuko, amezeeka, hajui kusoma. Jumatatu nitapanda lori kwenda Garbatulla. Atakayeisoma hii kabla sijafika, namwomba kwa jina la Mungu asimsomee. Niachieni nimwambie mwenyewe, akiniangalia usoni.