Kibao Kilichotazama Magari

Kila asubuhi Mama Zipu alifungua duka lake, akafagia, akapangusa cherehani, kisha akatoa viti viwili mlangoni. Kimoja chake, kimoja cha mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa adimu, lakini kiti chake hakikukosa kutolewa.

Watu walimwita Mama Zipu kwa sababu hakuna zipu iliyowahi kumshinda. Zipu ya suruali, ya begi, ya koti, zote zilinyooka mikononi mwake. Duka lake lilikuwa chini ya jengo refu la ofisi, katikati ya mji. Mbele yake ilipita barabara pana, pana mpaka mtu aliye ng'ambo humwoni uso. Magari yalipita kutwa nzima, na yalipita tu. Gari halina zipu.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mumewe alikuwa na kigari kikuukuu chenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Asubuhi alimshusha Mama Zipu dukani, kisha akazunguka mpaka ng'ambo ya barabara. Huko dada yake alikuwa na duka la udobi. Alichukua nguo zilizochanika au zilizokatika vifungo, akamletea mkewe azishone. Jioni alizirudisha.

Pamoja na nguo alibeba maneno, maana mawifi wale walikuwa hawaishi kutaniana.

"Dada yangu anasema mshono wako wa jana umepinda kama mdomo wako," angesema, huku akicheka.

"Mwambie naye nguo zake zinatoka chafu kuliko zilivyoingia," angejibu Mama Zipu.

Halafu mume akaugua, akafariki. Gari likauzwa. Mama Zipu akawa anakuja kazini kwa basi. Basi lilimshusha nyuma ya jengo, akakatiza maegesho ya magari, akaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Mafurushi ya nguo yakakoma, na utani ukakoma.

Msiba ulipopoa, alimpigia wifi yake simu. "Njoo unitembelee, wifi. Najisikia vibaya."

"Nitakuja kesho. Nielekeze tu, mimi huko sijawahi kufika kwa miguu."

Mama Zipu akamwelekeza vizuri. Kesho yake alichemsha chai, akaweka vikombe viwili. Chai ikapoa. Wafanyakazi wa ofisi wakatoka, wakaingia kwenye magari yao, wakaenda zao. Wifi hakuja, wala simu yake haikupatikana.

"Akinitaka atanipigia," alijiambia. Hakupigiwa, na yeye hakupiga tena. Kumbe aliyekuwa akiwaunganisha alikuwa mmoja tu, na huyo wamemzika. Ndivyo alivyowaza, na wazo hilo lilimuuma kuliko njaa. Kibaya zaidi, kibao cha dobi alikiona kila siku pale ng'ambo. Macho yalivuka, miguu haikuvuka.

Siku moja mchana, mama mmoja kijana mwenye kizibao cha njano aliingia dukani anahema. Begi lake lilikuwa wazi, zipu imekwama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, kiti ni chako."

"Mama, duka lako umelificha. Nimepita hapa mlangoni mara mbili sikuliona."

"Kizuri chajiuza," alisema Mama Zipu, akichukua begi. "Na kibao ninacho. Kikubwa, cha rangi nyekundu."

"Chajiuza kikionekana. Hebu toka kidogo, nikuonyeshe."

Mgeni yule alikuwa afisa wa barabara wa halmashauri ya mji. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu mitaa ya ofisi na maduka, aone watu wanakwama wapi. Alimpeleka Mama Zipu mpaka karibu na taa za barabarani, kisha akamgeuza.

"Watu wa miguu wengi wanatokea huku. Tazama duka lako. Unaona nini?"

Mama Zipu akatazama. Hakuwahi kusimama mahali pale. Zamani alifika kwa gari, akitokea upande wa pili. Sasa alifika kwa mlango wa nyuma. Aliona bati tupu lenye kutu, limechomoza kutoka ukutani. Jina la duka liliandikwa upande mmoja tu, upande unaotazama magari.

"Lo," alisema polepole. "Siku zote hizi nawapa watu kisogo."

"Si wewe peke yako. Mtaa mzima uko hivi. Vibao vyote vinaongea na madereva. Mwenye miguu haambiwi kitu."

Walirudi dukani. Mama Zipu alipaka nta kwenye meno ya zipu, akaivuta mbele na nyuma mpaka ikalegea. Afisa alikuwa na swali jingine.

"Mama, mteja akikupigia simu yuko ng'ambo, pale kwa dobi. Unamwelekezaje?"

"Rahisi. Namwambia afuate barabara mpaka mzunguko wa kituo cha mafuta. Azunguke, arudi na upande huu, apite lango la maegesho, ataniona."

Afisa alitabasamu. "Hiyo ni njia ya gari. Gari haliruhusiwi kukata katikati, lazima lizunguke. Mtu wa miguu angevuka hapa kwenye taa. Ni mwendo wa kumaliza mazungumzo mafupi. Kule kwenye mzunguko hakuna hata pa kuvukia."

Mkono wa Mama Zipu ukasimama juu ya zipu.

"Umesema hakuna pa kuvukia?"

"Hakuna, mama. Kwani vipi?"

"Nilimwelekeza wifi yangu hivyohivyo. Na magoti yake ni mabovu."

Alimrudishia afisa begi lake. Kisha alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nivushe," alisema. "Mume wangu alizoea kusema barabara hii si ya miguu, nami nikaamini. Nivushe leo."

Njia yenyewe ilikuwa kazi. Pembeni mwa barabara palipaswa kuwa pa kutembea, lakini magari yalikuwa yameegeshwa pale, pua zimegusa ukuta. Ikabidi washuke barabarani, honi zikawalilia masikioni. Kwenye taa walisubiri mpaka jua likawachoma utosi. Taa ya watu ikawaka kijani. Walipofika katikati tu, ikawa nyekundu. Wakabaki wamesimama juu ya mstari uliofutika, magari yanapita mbele na nyuma. Mama Zipu alimshika afisa mkono kama mtoto.

"Ndiyo maana napenda kutembea na wenyeji," alisema afisa. "Nikiwa peke yangu huwa nakimbia, halafu nasema panavukika."

Walipofika ng'ambo, wifi yake dobi alikuwa anapiga pasi. Aliona kizibao cha njano kwanza.

"Umeniletea askari?" aliuliza, bila kucheka.

"Nimekuja kukuuliza, wifi. Mbona siku ile hukuja? Nilikungoja mpaka jengo likabaki tupu."

Dobi akaweka pasi chini. "Sikuja? Nilikwenda mpaka kwenye mzunguko, kama ulivyosema. Magari hayakatiki. Simu ikazima. Nikasimama juani mpaka magoti yakanikataa, nikarudi. Nikasema, basi. Kaka yangu hayupo, mimi ni wa nini kwake tena."

"Mimi nikasema umenisusa."

"Kwa nini hukunipa njia ya karibu?"

Machozi yalimtoka Mama Zipu, hakuyazuia. "Sikuijua, wifi. Ile ndiyo njia aliyokuwa akipita kaka yako. Sina nyingine."

Dobi alizunguka meza ya kupigia pasi. Kisha alivuta kiti, akamkalisha. Walilia wote wawili. Afisa akatoka nje, akajifanya anatazama mtaro.

Wakati wa kuagana dobi alisema, "Nina kitu chako hapa. Lakini leo sikupi. Nitakuletea mwenyewe, kwa miguu yangu. Nilishindwa mara moja, sitaki nishindwe tena."

"Kwa barabara hii?"

"Ndilo hilo. Taa yenyewe inavusha swala, haivushi mimi."

Afisa alisikia. Wiki iliyofuata aliwaita wenye maduka na wasimamizi wa majengo. Hakuwakalisha ukumbini. Aliwatembeza njia ileile, pamoja na Mama Zipu na dobi. Meneja wa jengo refu alikuja na viatu vya kung'aa, akalalamika kabla hawajaanza.

"Mkiondoa magari pembeni, mnaondoa wateja. Wateja wetu wanakuja na magari."

"Na dukani wanaingia na gari?" aliuliza Mama Zipu. Watu wakacheka, na meneja naye akacheka kidogo. Kicheko kilimwisha alipolazimika kujibana kati ya lori na ukuta.

Mwisho wa matembezi, afisa aliwaeleza kwa lugha nyepesi. "Kila mwenye gari akishuka ni mtu wa miguu. Tukimrahisishia mwenye miguu, tumewarahisishia wote. Mtu anahitaji mambo machache. Njia isiyozibwa. Mahali salama pa kuvukia, na muda wa kutosha. Kivuli. Na vibao vinavyomwambia yuko wapi na anakokwenda ni mbali kiasi gani. Halmashauri itafanya sehemu yake, nanyi fanyeni yenu. Mkiona mahali pabaya, msinyamaze, njooni mtuambie."

Kazi haikwisha kwa siku moja. Mama Zipu alingoja. Sasa simu ililia, na wifi alikuwa wifi tena, lakini sauti si mtu. Jioni alirudisha ndani viti viwili, kimoja kikiwa baridi kama kilivyotoka.

Hata hivyo hakukaa bure. Alichukua brashi, akaandika jina la duka upande wa pili wa kibao. Mtu akipiga simu, kwanza alimuuliza, "Uko kwa gari au kwa miguu?" Ndipo amwelekeze. Wateja wakaanza kuingia, mmojammoja, wakishangaa kwamba duka lilikuwepo siku zote.

Baadaye vikaja vigingi pembeni mwa barabara, magari yasipande tena. Vikaja vibao vya chini, usawa wa macho, vyenye mishale na dakika za kutembea. Ikapandwa miti. Kivuko kikapakwa rangi upya. Katikati ya barabara pakajengwa kisiwa kidogo chenye kingo na kibati cha kivuli, mtu apumzike kabla ya kumalizia. Taa ya watu ikaongezewa muda.

Asubuhi moja Mama Zipu alimwona mtu anavuka taratibu, furushi kichwani. Akafika kisiwani, akasimama, akashika goti. Magari yakapita mbele na nyuma yake. Taa ikawaka kijani tena, magari yakasimama, akamalizia. Akatembea na njia, akatazama kibao, akakisoma.

"Karibu," alisema Mama Zipu.

Dobi akaketi kwenye kiti cha pili. Akafungua furushi. Juu ya nguo zote palikuwa na shati jeupe, limefuliwa, limepigwa pasi, halina kifungo kimoja kifuani.

"La kaka," alisema. "Alilileta wiki ile ya mwisho. Nililifua nikamngoja alichukue, alilete kwako ulishone."

Mama Zipu alilishika. Halikuwa na harufu yake tena, lilinuka sabuni tu. Akatafuta kifungo kinachofanana, akatunga uzi. Ilimchukua muda, maana sindano hakuiona vizuri.

"Atalivaa nani?" aliuliza dobi.

"Hakuna."

"Basi unashona kwa nini?"

"Kwa sababu limefika."

Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akampa. Dobi akalisogeza kwenye mwanga, akalikagua.

"Mshono wako umepinda," alisema. Safari hii alisema mwenyewe, hakumtuma mtu.